Hedifoni Nzito

Mnadani Dutwa walimwita Mizani, na Mboje alilipenda jina hilo kuliko lile aliloachiwa na babu yake. Madalali wengine walisubiri ng'ombe apandishwe kwenye mashine. Yeye alibonyeza nyonga, akapitisha kiganja mgongoni, akataja kilo, na mashine ilipokuja kusema ilimkuta amekosea mbili tatu tu. Miaka thelathini hajauziwa mbuzi kwenye gunia. Mtu wa namna hiyo humwambii kitu, na balaa lilianzia hapo hapo, siku binti yake Nyanjige alipohitaji kitu kisicho na nyonga.

Nyanjige alikuwa amemaliza chuo, na kwa miaka miwili alikaa nyumbani akichambua mchele na kuomba kazi. Sasa kampuni moja ya Dar es Salaam ilitafuta watu wa kufanya kazi majumbani mwao wakipokea simu za wateja, wanaojua Kiswahili na Kisukuma. Alipita mchujo wa kwanza. Ulibaki usaili wa Jumatatu saa nne asubuhi, kwa njia ya mtandao, na sharti lilikuwa moja: awe na hedifoni isiyo na waya, yenye kipaza sauti kinachozuia kelele. Aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Baba yake, tusimnyime haki yake, aliitaka pia. Ndiye aliyesema, "Hiyo hedifoni niachie mimi."

Akaingia mtandaoni, akaona picha, akakuta hedifoni yenye jina kubwa kwa nusu ya bei ya dukani. Hakuuliza muuzaji ni nani, ana duka wapi, wala waliotangulia kununua walisema nini. Alilipa kabla hajamaliza kusoma. Kisha akaenda kuwatangazia wenzake mnadani kwamba hata mtandaoni Mizani hapigwi.

Mzigo ukaja kwa basi siku ya Ijumaa. Nyanjige akaufungua mezani, rafiki yake Rachel, mwalimu wa sekondari, akiwa pembeni. Dakika tano hazikupita, uso ukamshuka.

"Baba, hii feki."

"Nani kasema?"

"Tazama boksi. Jina la kampuni limekosewa herufi. Hapa kuna namba ya kukwangua, nimeiingiza kwenye tovuti yao, inakataa. Na nikiiunganisha na simu linatokea jina jingine kabisa. Tuirudishe, bado wanaruhusu."

Rachel akatoa ya kwake kwenye mkoba, aina ile ile, aliyoinunua dukani Mwanza. "Mzee, mwache Jumatatu atumie yangu. Mimi siku hiyo niko darasani."

Mambo yangeishia hapo. Lakini Maduhu, dalali mwenzake Mboje, alikuwa amekaa kwenye kochi, na Maduhu hajawahi kusikia jambo akalala nalo. Mboje alimwona anatabasamu. Basi akazichukua hedifoni zote mbili, moja kwenye kila kiganja, akafumba macho. Mkewe, Elina, akasimama mlangoni na sufuria mkononi kusubiri hukumu.

"Ya mwalimu nyepesi," Mboje akasema. "Plastiki tupu. Hii yangu ina nyama. Tangu lini mali ikawa nyepesi?"

"Baba, hii siyo ng'ombe..."

"Nyamaza! Mkono huu ndio umekusomesha. Leo namba za kukwangua ndizo zimekuwa baba yako?" Akamrudishia Rachel ya kwake. "Binti wa Mboje haendi kwenye usaili na kitu cha kuazima. Mwalimu, asante, itie mkobani."

Nyanjige akainamisha kichwa. Na ukweli ni kwamba nusu ya moyo wake ilimwamini. Tangu utotoni hakuwahi kuuona mkono ule ukikosea.

Jumatatu Mboje alitoa viti nje, akaviweka karibu na dirisha la binti yake, akamketisha Maduhu ili ajionee mtoto wa watu akipata kazi. Walimsikia Nyanjige akisalimia kwa sauti nzuri, ya mtu aliyejiandaa. Kisha wakasikia, "Halo? Mnanisikia?" Kisha tena, kwa nguvu zaidi. "Hapana, hakuna watu humu ndani... hao ni kuku... ndiyo, narudia." Mwishoni alikuwa anapiga kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, na bado wale wa Dar hawakumwelewa. Usaili wa nusu saa uliisha kwa dakika kumi na moja. Maduhu alizitazama kwenye simu yake, akazitaja kwa utamu.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. Hakufaulu. Lakini chini waliandika kwamba, kama kifaa kilikuwa na hitilafu, atume picha za kifaa hicho kabla ya saa sita mchana, naye atapangiwa usaili mwingine. Nyanjige akampigia Rachel, akakimbilia mezani. Hedifoni haikuwepo.

Ilikuwa zizini na Mboje, pamoja na bisibisi. Alifungua upande wa kulia. Ndani alikuta betri ndogo kama punje ya hindi, nyaya mbili, na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi, hakikuunganishwa na kitu chochote. Upande wa kushoto, kipande kingine. Hakuhitaji fundi wa kumweleza. Watu wa mnada wanajua jinsi ng'ombe anavyolambishwa chumvi, akanyweshwa maji mpaka tumbo likajaa, ndipo akapandishwa kwenye mashine. Yeye mwenyewe alishawauzia watu maji hayo, tena si mara moja.

Aliona aibu, ile inayochoma masikio. Alimwonea binti yake huruma pia, na huruma ile ilikuwa ya kweli. Akainuka aende kumpa vile vyuma. Ndipo akasikia salamu ya asubuhi getini, "Mwangaluka!" na kicheko cha Maduhu, aliyekuja kuulizia matokeo. Huruma ikaishia hapo. Akavitia vyuma mfukoni, mabaki akayafukia kwenye samadi.

Alipoingia sebuleni ilikuwa saa tano na nusu. Wote walikuwa wanamsubiri, Rachel naye alikuwa amefika.

"Baba, hedifoni iko wapi? Tunataka tuipige picha tu."

"Nimeipeleka kwa fundi Marcelo. Kaifungua mbele ya macho yangu. Boksi ndilo walilobadilisha, yenyewe ni orijino, sauti inapita safi. Kaipenda, nimemwachia."

"Basi tumpigie Marcelo," Rachel akasema.

"Mwalimu, unaniita mwongo nyumbani kwangu?"

Rachel akaitia simu mkobani. Nyanjige akamsogelea baba yake. "Sasa kama kifaa ni kizima, tatizo lilikuwa nini?"

Mboje alikuwa na mkono mfukoni, vyuma viwili kiganjani. Kuvitoa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Akamtazama Maduhu, kisha akamtazama mtoto wake.

"Ni wewe, mwanangu. Ni sauti yako. Tulikuwa dirishani, tumesikia wenyewe. Haisikiki, na ikisikika inakwaruza. Maduhu si huyu?"

"Inakwaruza," Maduhu akasema.

Nyanjige hakulia. Alimgeukia mama yake. "Mama, nilikuwa hivi tangu utotoni?"

Elina hakuwahi kusikia kasoro yoyote kwenye sauti ile. Lakini alimtazama mumewe, mtu asiyekosea, akajiona yeye ndiye aliyekuwa hasikii vizuri miaka yote. "Nilidhani ukikua itaacha, mayu, mwanangu."

Rachel alimwonyesha saa, akamsihi aandike hata bila picha. Nyanjige akatikisa kichwa, akaufuta ujumbe wa kampuni, akaenda jikoni. Baadaye Mboje alimwita awaletee wageni maji ya kunawa. Alimwita mara tatu, ya mwisho kwa ukali, akisema mtoto huyu siku hizi ana kiburi. Nyanjige alikuwa ameitika mara zote tatu, kwa kunong'ona.