Kisanduku cha Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mtathmini alifika siku ya mia moja na ishirini baada ya mafuriko, kuja kuchunguza kwa nini msaada huchelewa. Alikuja na begi la magurudumu. Barabara ilikuwa bado tope, kwa hiyo dereva alilibeba begi hilo kichwani kuanzia darajani, magurudumu yakitazama mbinguni.

Hadidu zake za rejea zilikuwa na kurasa sita. Alitumwa kupitia upya juhudi za kuingiza elimu katika siku za mwanzo za dharura. Kila alipoelezwa jambo, awe ameelezwa kuhusu vyoo au kuhusu kifo, aliuliza, "Na hapo tumepata mafunzo gani?" Kufikia jioni ya siku ya kwanza, ofisi nzima ilikuwa inamwita Mafunzo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji tukaanza kuugua.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya uratibu. Nilichukua kumbukumbu za vikao vyote kumi na sita, na ninaweza kusema bila kufungua jalada juhudi hizo zilikuwa zipi. Elimu ilikuwa ajenda namba tisa. Chai ililetwa saa nne na nusu. Hakuna kikao kilichovuka ajenda ya saba kabla ya chai, na hakuna mjumbe aliyerudi kwenye kiti chake baada ya chai. Chini ya namba tisa niliandika "iliahirishwa" mara moja tu. Mara kumi na tano zilizobaki nilinakili.

Wakati sisi tunaahirisha, wifi yangu alikuwa anafundisha. Yeye ni mke wa kaka yangu na ni mwalimu wa darasa la mwisho katika shule ya bondeni. Siku ya nne baada ya maji kuingia aliwakusanya wanafunzi wake arobaini na mmoja kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, akaomba mlango uliong'oka ufanywe ubao, akaanza na hesabu za sehemu. Mashine ilipowashwa alifundisha kwa kuandika. Ilipozimwa alifundisha kwa mdomo. Watoto walirudi nyumbani weupe kwa unga kama waliochimbuliwa kaburini, lakini walirudi wakijua kugawanya.

Mtu atauliza kwa nini hawakurudi shuleni. Shule haikubomoka. Ilisimama imara, madirisha na yote, na kwa sababu hiyo kamati iliichukua siku ya tatu kuwa ghala. Ndani ya madarasa yake yaliwekwa mahema sitini ya madarasa ya muda. Fomu ya kutoa hema ilitaka uthibitisho kwamba eneo halina jengo la shule linalofaa. Jengo lilikuwepo, kwa hiyo mahema hayakutoka. Mahema hayakutoka, kwa hiyo watoto hawakuingia. Watu wenye shahada mbilimbili walihitaji wiki tisa kuugundua mzunguko huo, na suluhisho lao lilikuwa kutoa hema moja na kulisimika uwanjani, mbele ya shule. Hema lilipewa namba ya usajili siku ya sitini na nane. Kwenye makaratasi, elimu ilianza siku hiyo; watoto wenyewe walibaki kibarazani.

Hayo yote yangekuwa kichekesho tu, kama si mtihani. Ofisi ya mitihani ilikuwa na kanuni moja: mwanafunzi aliyekosa masomo zaidi ya siku thelathini katika mwaka wa mtihani hasajiliwi, anarudia mwaka. Kwa eneo la mafuriko, ofisi hiyo ilitangaza kwamba itafuata tarehe zitakazotajwa katika jedwali la ripoti ya tathmini. Mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa Ijumaa. Kurudia mwaka ni maneno ya ofisini. Bondeni, ambako nusu ya nyumba zilikuwa hazina paa, mtoto aliyeambiwa arudie mwaka alikuwa ameambiwa aache shule.

Jumatatu wifi alikuja ofisini na rejista zake. Alizitandaza juu ya meza ya Mafunzo bila kuketi.

"Wifi, mwambie mtaalamu wako nina kipindi saa sita," aliniambia. "Aangalie harakaharaka."

Mafunzo aliangalia polepole. Rejista zilikuwa zimechorwa kwa rula nyuma ya mabango ya kunawa mikono.

"Mwalimu, hii ni ajabu! Umeandikia nyuma ya mabango?"

"Mlituletea mabango elfu nne. Chaki hamkuleta hata kipande. Ulitaka niyafanye nini, niyanawishe mikono?"

Alicheka, akaandika neno "ubunifu" katika daftari lake, akalipigia mstari.

"Majina yote yapo?"

"Yote. Kila siku, tangu siku ya nne. Aliyechelewa nimemwekea nukta. Aliyeugua nimeandika anaumwa nini."

"Haya ni mafunzo makubwa sana."

"Kwa hiyo utaandika siku ya nne."

"Nitakuweka kwenye kisanduku."

"Sijafa bado, baba."

Mafunzo alimfafanulia kwa upole wa mtu anayemwonyesha bibi kizee swichi ya taa. Ukurasa wa kumi na mbili wa ripoti ungekuwa na kisanduku cha rangi ya samawati. Ndani yake kungekuwa na picha ya wifi na maneno mia moja na hamsini juu ya ustahimilivu wa jamii. Wasomaji hupenda visanduku, alisema. Wengi hawasomi kitu kingine.

"Na kwenye jedwali?" wifi aliuliza.

"Jedwali ni la vituo. Kituo ni mahali palipokaguliwa, pakasajiliwa, pakapewa namba. Pale kwenu kituo kilianza siku ya sitini na nane."

"Na kabla ya hapo watoto wangu walikuwa wanafanya nini kwenye mashine ya kusaga? Wanasaga?"

"Kwa ufafanuzi tulio nao, ule ulikuwa mpango usio rasmi wa jamii."

"Ofisi ya mitihani inasoma jedwali au inasoma kisanduku?"

Mafunzo alisema hilo lilikuwa nje ya hadidu zake za rejea. Wifi alizikunja rejista zake moja baada ya nyingine. Mafunzo alipoinua kamera, wifi alimgeuzia mgongo na kutoka. Mgongo huo ulipigwa picha mbili.

Nilijaribu njia ya adabu kwanza. Nilimwendea Mratibu, mwenyekiti wa kamati yetu, mtu ambaye katika miezi minne hakuwahi kuvuka daraja. Nilimweleza juu ya fomu na Ijumaa.

"Katibu, unataka tubadilishe jedwali lituaibishe?" aliniuliza. "Dunia isome kwamba mama mmoja mwenye mlango alitutangulia kwa siku sitini na nne?"

"Lakini alitutangulia, bosi."

"Ndiyo maana kuna kisanduku."

Jumanne baada ya kazi nilikwenda nyumbani kwa kaka. Mstari wa maji ulikuwa bado ukutani, usawa wa kifua. Kaka, ambaye ni fundi wa pampu, alikuwa amefungua pampu ya watu juu ya gunia. Wifi alikuwa anasahihisha madaftari na hakuinua kichwa.

"Karibu, karani wa mafuriko. Leo mmeahirisha nini?"

"Wifi, nisikilize. Nimekuja na shauri baya."

"Kutoka kwenu? Siamini."

Nilimwambia nilichokiona. Watu hawa hawakuwa na ugomvi na siku ya nne. Waliitamani. Ukurasa wa kwanza wa ripoti ulikuwa na nafasi tupu chini ya maneno "mafanikio makuu", na walikuwa wameihangaikia kwa siku mbili. Wasichoweza kuvumilia ni siku ya nne kuwa ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo niseme walinituma wao," wifi alisema.

"Ndiyo."

"Wale wa chai."

"Ndiyo, wifi."

Aliweka kalamu chini. "Hivi wewe chuoni ulisomea haya?"

"Nilisomea uandishi wa kumbukumbu."

"Walikufundisha vizuri." Alinitazama kwa muda mrefu, na sikupenda nilichokiona machoni mwake, kwa sababu ndiyo macho ambayo mimi huwatazamia wajumbe. "Kumi na sita, wifi. Vikao kumi na sita umekaa humo. Hukuweza hata siku moja kusema, jamani, namba tisa?"

"Kazi yangu ni kuandika."

"Na yangu ni kufundisha. Mbona mimi nilisema?"

Kaka aliifuta mikono yake.

"Mama, funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe langu," wifi alisema, "na mwanaharamu wao." Akachukua daftari jingine. "Nenda kawaambie. Lakini nisiwaone wanakuja hapa kunishukuru."

Jumatano asubuhi nilimpelekea Mafunzo kahawa, jambo ambalo si kazi yangu, na nikasema sentensi tatu. Nilisema kikao cha kwanza cha kamati kilifanyika siku ya tatu. Nilisema elimu ilikuwa kwenye ajenda. Nilisema darasa la bondeni lilianza siku ya nne. Kila sentensi ilikuwa kweli. Kazi ya kuziunganisha nilimwachia yeye.

Alikunywa. Akaweka kikombe chini. Uso wake ulianza kuwaka taratibu, kama jiko la mafuta lenye utambi mbichi.

"Yaani kikao ndicho kilichochochea?"

"Mimi ni katibu tu, mtaalamu."

"Siku moja tu baada ya kikao! Kwa nini hakuna aliyeniambia? Hii ni kasi ambayo sijaiona popote!" Alisimama, akakaa. "Lakini kituo hakikuwa na namba."

"Mratibu ndiye anayetoa namba."

Namba ambayo hema liliisubiri kwa wiki tisa, kibaraza cha mashine ya kusaga kiliipata kwa dakika nne, na kwenye makaratasi ilianza kutumika siku ya nne. Mratibu aliitia saini akiwa amesimama. Aliniambia kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na hisia kwamba elimu isingoje. Nikaandika hivyo.

Ilibaki karatasi moja. Wifi alitakiwa kuthibitisha kwamba alianzisha darasa "kwa maelekezo na chini ya uangalizi wa kamati". Alikuja saa saba, unga nywelini, akaisoma mara mbili. Akasahihisha makosa mawili ya herufi kwa kalamu nyekundu. Akatia saini.

"Asante sana, Mwalimu," Mafunzo alisema. "Sasa ile picha ya kisanduku."

"Picha hapana."

"Lakini wewe ndiye sura ya mpango!"

"Mpango ni wenu. Sura pia iwe yenu. Mpigeni Mratibu."

Wifi alidhani anamtukana Mratibu. Mafunzo aliliona kuwa wazo zuri. Alasiri hiyo Mratibu alivuka daraja kwa mara ya kwanza. Alipofika kwenye kibaraza aliuliza mlango uko wapi, akaonyeshwa ule ulioandikwa. Akapewa kipande cha chaki. Alikishika kama mtu aliyeombwa ashike mjusi, akatabasamu, akapigwa picha mbele ya hesabu ambayo watoto walikuwa hawajaimaliza. Kwa kujiegemeza alifuta nusu yake kwa mgongo wa koti. Watoto walimsubiri aondoke, wakaiandika upya.

Ripoti ilichapwa Alhamisi. Katika jedwali, bondeni ilikuwa mstari wa kwanza: siku ya nne. Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa na kisanduku cha samawati kilichoitwa "Uongozi unaowahi". Jina la wifi halikuwepo popote. Alitajwa kwa maneno mawili, "mhudumu mmoja", katika sentensi ambayo Mratibu ndiye aliyekuwa kiima chake.

Ijumaa nilikwenda ofisi ya mitihani na ripoti moja na fomu arobaini na moja. Ofisa alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakuharakisha. Aliifungua ripoti kwenye jedwali, akapitisha kidole chake chini ya mstari wa kwanza.

"Siku ya nne," alisema. "Siku ya nne! Hawa watu wanajua kazi, binti yangu. Ingekuwa sisi, tungekaa vikao."

"Ndiyo, mzee."

Akafunua ukurasa wa kumi na mbili. "Hata kwenye kibaraza! Angalia mkubwa wao mwenyewe ameshika chaki. Sisi wakubwa wetu utawaona na chaki?"

"Hapana, mzee."

"Na huyu mhudumu walimtoa wapi?"

"Walimkuta hukohuko."

"Amepata bahati. Wangapi wanapata watu wa kuwaelekeza?"

Nilikuwa na jibu la swali hilo. Lilikuwa fupi, lenye nomino moja na kitenzi kimoja, na lingenifurahisha kwa muda wa nusu dakika. Nilitazama rundo la fomu.

"Wachache, mzee," nilisema.

Alivuta kidau cha wino. Aligonga muhuri fomu ya kwanza, akaipulizia, akaiweka kando. Akaenda hivyo, kugonga, kupuliza, kando, akiisifu kamati kwa kila fomu ya tano, nami nikiitikia. Kabla ya fomu ya mwisho, mkono wake ulisimama hewani.

"Hivi kamati yenu," aliuliza, "haiwezi kuja hapa kutufundisha na sisi namna ya kuwahi?"

"Itafurahi sana, mzee."

Akagonga.