Pipa Lililokauka Mchana

Pipa la maji lilikauka kabla maharage hayajafika nusu ya sufuria, na nje mvua ilikuwa inanyesha.

Mama Ukoko alichovya kata, ikakwaruza chini. Tangu afungue mgahawa wake wa meza chache, pipa halijawahi kuisha mchana, hata wakati wa kiangazi. Akachungulia ukumbini. Seremala wa karakana ya jirani, mteja wa siku zote, alikuwa anamalizia jagi.

"Kiu gani hiyo na baridi hii?"

"Joto, mama," alijibu seremala, kajikunyata ndani ya koti.

Wenzake wakainamia sahani. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo Mama Ukoko aliposhtuka, maana mafundi hao hawakuwa watu wa kuachia mzaha upite hivihivi.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ametundikiwa dripu ya kwanza ya dawa ya saratani ya titi. Muuguzi alimweleza huku akimtafuta mshipa: dawa inasaka chembe zinazozaliana upesi na kuzizuia zisijigawe. Uvimbe unazaliana upesi, kwa hiyo itaunyong'onyeza kwanza, ndipo daktari aukate. Tatizo ni kwamba dawa haina macho. Nywele nazo hukua upesi, na ngozi laini ya mdomo, na ulimi.

"Kwa hiyo mnachoma shamba kwa sababu ya panya?"

Muuguzi alicheka. "Shamba litaota tena, mama. Ndiyo maana tunalipumzisha kati ya dozi na dozi. Panya ndiye hatumtaki arudi."

Nywele aliziaga bila kinyongo, akafunga kilemba. Ulimi ndio hakumwambia mtu. Kila alichoonja kilikuwa kama kulamba ufunguo. Alitia chumvi, akaonja, hakuisikia, akaongeza.

Sasa alimsimamia seremala kichwani. "Sema kweli. Chumvi imezidi?"

Seremala aliweka kijiko chini. "Mama, wanasema aliyekula chumvi nyingi kaishi miaka mingi. Wewe umetulisha yote kwa sahani moja."

Mafundi waliangua kicheko, naye akacheka nao mpaka macho yakamlowa, kisha hakujua tena kama ni kicheko. Walikuwa wamemhurumia siku zote hizo, kimyakimya, kwa majagi ya maji. Ilimuuma kuliko sindano.

"Chakula cha huruma mimi sipiki," alisema.

Angeweza kufunga mgahawa mpaka dozi ziishe. Ndugu walishamshauri hivyo. Lakini alijijua: akizima jiko, atakachobaki nacho ni ugonjwa, na huo hakuwa tayari kuupa nyumba nzima. Akajitupia khanga kichwani, akaingia mvuani.

Dada wa mumewe aliishi nyuma ya mgahawa. Miaka mingi nyuma, mbele ya wageni, alitangaza kwamba mchuzi wa wifi yake hauna tofauti na maji ya kunawia. Mama Ukoko akaapa kijiko cha mwanamke huyo hakitaingia sufuriani mwake, na hakikuingia.

"Wifi, nimekuja kuazima ulimi wako."

"Huuhuu uliosema haujui kunyamaza?"

"Huohuo. Sitaki uninyamazie."

Wifi alimtazama kilemba kilivyolowa. Kisha akavaa ndala.

Kesho yake walisimama bega kwa bega mbele ya sufuria, mmoja na chumvi, mwingine na kijiko.

"Bado," alisema wifi. "Bado. Hapo! Toa mkono."

"Mbona kidogo hivi?"

"Umeniita nionje au nikubembeleze?"

Mchana sauti ya seremala ilivuka ukumbi mzima. "Mama Ukoko! Leo chumvi umetubania!"

Wifi alishika kiuno, tayari kwa vita. Mama Ukoko alimpita akitabasamu, akabwaga kopo la chumvi mezani. "Tia mwenyewe, mikono unayo."

Alirudi jikoni, akainua mfuniko wa pipa. Maji yalikuwa bado juu ya nusu, na uso wake wenye kilemba ukatikisika ndani yake. Alichota kata moja, akanywa. Yalikuwa na ladha ya ufunguo. Akayameza yote, akachota tena.