Ukoko wa Harusi ya Najma

Tandale nzima inajua kuwa pilau la shughuli likipikwa na Bi Mwamvita hakuna anayebakiza sahani. Amepikia hitima, maulidi, harusi, hata ule uzinduzi wa ofisi ya serikali ya mtaa ambao watu walikuja kwa ajili ya chakula tu na wala hawakuficha. Kwa hiyo Najma, binti yake wa pekee, alipoposwa na kijana wa Boko, mama mtu alitangaza mbele ya wakwe: sufuria la harusi ya mwanangu halishiki mtu mwingine. Bi Nusaiba, mama wa bwana harusi, akatabasamu kwa adabu. Akasema wao kule Boko wana watu wa keteringi wazuri sana, ikitokea lolote. Hilo "ikitokea lolote" lilimkaa Bi Mwamvita kooni kama mwiba wa samaki.

Lilimkaa kwa sababu mikono yake ilikuwa migonjwa, na Bi Nusaiba alikuwa ameiona. Baridi yabisi ilimwingia miaka miwili nyuma, ile ya kuvimbisha vifundo vya vidole mpaka kufunga kanga asubuhi inakuwa kazi. Hospitali walimpa dawa mbili: moja ya kumeza siku moja tu kwa wiki, nyingine ya kutuliza maumivu, tena kwa siku chache. Bi Mwamvita, kwa akili zake za jikoni, akaamua dawa ya mara moja kwa wiki haiwezi kuwa dawa. Nani anatia chumvi leo akategemea mchuzi ukolee Ijumaa ijayo? Akaiacha. Ile ya maumivu akaendelea kuinunua dukani, mwezi baada ya mwezi.

Ramadhani ikaingia. Vidonge vitatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, na mtu amefunga? Akavikusanya vyote akavimeza kwa mkupuo mmoja wakati wa futari, pamoja na tende. Vidole vikalainika ajabu. Akasukuma chapati, akakuna nazi, akajiona mjanja kuliko madaktari wote wa Dar es Salaam. Idd ilipopita akaendelea na mtindo ule ule, na siku ya kazi nyingi akaongeza cha nne.

Miguu ikaanza kuvimba. Viatu vya dhahabu alivyonunuliwa na Najma kwa ajili ya harusi vikakataa kuingia. Akilala, pumzi inamkata. Akaongeza mto, halafu akaongeza mwingine. Moyo ukawa unamwenda mbio hata akiwa amekaa anachambua mchele. Aliogopa, tena sana, lakini alinyamaza, maana alijua habari ingefika Boko kabla yeye hajafika hospitali.

Siku ya kumi ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, alianza kupanda ngazi tatu za baraza ya jirani, akakaa kwenye ya pili, asiweze kuinuka. Najma akaita bajaji ikawapeleka hospitali.

"Shikamoo mama," alisema Daktari Herieth, binti mdogo wa miwani. "Unatumia dawa gani?"

"Zile zile mlizonipa."

Najma alichukua pochi ya mama yake akaimwaga mezani. Karatasi tupu za vidonge zilikuwa nyingi mpaka nyingine zikaanguka sakafuni.

"Mama," daktari alisema taratibu, "hivi vinatuliza maumivu, sawa. Lakini ukivizidisha vinazuia maji yasitoke mwilini, presha inapanda, moyo unaelemewa. Ndiyo maana umevimba. Na baridi yabisi yenyewe isipotibiwa inaumiza moyo pia. Inayoitibu ni ile ya mara moja kwa wiki. Uliiachia nini?"

"Niliona haina haraka."

"Kweli haina. Wiki sita, pengine hata kumi na mbili. Ila hivi vya maumivu, kuanzia leo basi."

"Daktari, mwanangu, nina harusi Mfungo Tatu! Wiki kumi tu!"

"Basi wiki kumi hizo tusizichezee."

Alilazwa siku tano. Dawa za kutoa maji zikampeleka chooni mpaka akawa anazitukana, lakini pumzi ikarudi, na mito ikapungua ukabaki mmoja. Kila Ijumaa akameza dawa yake ya wiki, akaenda kupima damu kila alipoitwa. Ila mikono! Maumivu yaliyokuwa yamefunikwa yakatoka yote kwa pamoja. Wiki ya tatu alishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji, akalia kwa hasira.

Siku hiyo hiyo Najma alimkuta ameingiza mkono ndani ya kopo la mchele, anatoa karatasi ya vidonge vya zamani aliyokuwa ameificha humo.

"Viwili tu," Bi Mwamvita alisema. "Nipate kushika mwiko."

"Mama, mie nitakula hata huo wali wa keteringi, tena nitaumaliza. Lakini nikikaa pale nimepambwa na wewe haupo, nitamwambia nini bwana wangu? Kwamba mama yangu amekufa kwa ajili ya pilau?"

Bi Mwamvita alimpenda huyu mtoto mpaka kifua kikamuuma, na safari hii haikuwa ugonjwa. Akaenda chooni mwenyewe, akavitoa kimoja kimoja kwa vidole vyake vibovu, akavimwagia maji.

Wiki ya saba aliamka akafunga kanga bila kufikiria. Alifika mlangoni ndipo akagundua, akarudi kitandani kukaa, akacheka peke yake.

Harusi ilifanyika Chanika, kwenye kiwanja cha mjomba. Daktari alikuwa ameshamsikiliza moyo, akamruhusu, kwa sharti asibebe kitu kizito. Bi Mwamvita akabebesha watu. Alikaanga vitunguu mwenyewe, akatia viungo mwenyewe, akageuza mchele kwa mwiko mrefu kama jembe, amevaa viatu vya dhahabu jikoni kwenye majivu. Najma akapiga kelele kwamba atavichafua, hakusikilizwa.

Watu wa keteringi walikuwepo getini, wameegesha gari lao, wanasubiri litokee lolote. Halikutokea. Mwishowe wakaletewa sahani, wakala, wakaomba nyingine.

Watu walipokwisha kushiba, Bi Nusaiba alikuja jikoni mwenyewe, na sahani mkononi.

"Mkwe wangu," alisema, "nasikia ukoko umebaki."

Wapishi wote wanajua, pilau hupikwa na yeyote, lakini ukoko wa sufuria la kilo arobaini unataka kiganja. Kijana mmoja akanyoosha mkono aukwangue. Bi Mwamvita akamsukuma kando, akafunga ngumi yake kwenye mwiko, kidole juu ya kidole, ikafunga sawasawa. Akainama, akakwangua. Chuma kikalia mpaka nje. Ukaondoka kipande kizima, cha kahawia, kipana kuliko sahani, naye akasimama wima, pumzi yake imetulia, akakiweka mbele ya mkwe wake.

"Karibu, mkwe," alisema. "Na hao wa keteringi wa Boko nao wabebee."