Waya wa Mama Mkwe

Kompyuta zilikuwa tatu, leseni za programu ya kuchorea nembo zilikuwa mbili, na zote mbili alikuwa amezikalia mama mkwe.

Hakufanya makusudi. Leseni zilikaa ndani ya ufunguo, kijiti cheusi kidogo kama kidole cha mtoto, na ufunguo ulichomekwa kwenye kompyuta yake, chini ya meza, usawa wa magoti. Programu ilifunguka pale tu ulipo ufunguo. Kwa hiyo mkwe wake, Spana, akitaka kuchora nembo ya kudarizi kwenye sare, alisimama mlangoni, macho chini, akasema, "Mama, samahani, naomba ule ufunguo." Mwanamume mwenye akili zake hapenyezi mkono kwenye magoti ya mama wa mke wake. Basi mama anainuka, anatoka nje, Spana anatambaa, anachomoa, anakwenda nao chumba cha nyuma. Nusu saa baadaye mama anautaka. Mara sita kwa siku. Mke wa Spana angeweza kusaidia, lakini alikuwa na mimba ya miezi minane, hata viatu vyake hakuviona.

Jumatatu mama akachoka.

"Sikilizeni. Magoti haya yana miaka sitini na miwili. Nawapa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Na kabla ya hapo mtu asiniinue! Nikiinuka tena kwa sababu ya ufunguo, nainuka nao, nahamia kwa mkwe wangu mwingine."

Ufunguo ulikuwa wake, na mkono wa kuchora ulikuwa wake. Bila hivyo viwili, karakana yao ya kudarizi ilikuwa vyumba viwili na mashine yenye njaa.

Spana alikuwa fundi baiskeli kabla ya kuoa, na hakuna kitu kilichowahi kumshinda kwa kukitazama. Alinunua kiboksi cha kuunganishia kompyuta, waya, na vichwa vya waya. Alhamisi alfajiri, mama hajafika, akaweka kwenye kompyuta yake programu ya kugawa leseni: ufunguo ubaki pale pale, wawili wowote wafungue, wa tatu asubiri mmoja afunge. Alibana vichwa kumi, vinne vikakataa. Ijumaa saa tano asubuhi akauburuta waya wa mwisho kutoka chumba cha nyuma, ukazunguka mlango, ukapita chini ya dirisha, ukaishia hatua mbili kutoka kwenye meza ya mama. Alikuwa amepima kwa kukatiza katikati ya chumba, kama vile waya una mabawa.

Mama aliutazama waya pale sakafuni, kisha akaitazama saa.

"Huo umekuja kunisalimia tu?"

Huko nyuma mkewe alipasuka kicheko. "Mama, usinichekeshe, nitazalia hapa!"

Spana akarudi kasi. Kati ya meza yake na meza ya mama palikuwa na ukuta mmoja tu wa tofali. Kwa nini azunguke nyumba nzima? Akachukua drili, akaegemeza kifua, akabonyeza.

Drili iliingia, ikaingia, ikazama ghafla kama kisu kwenye siagi. Upande wa pili pakatoka ukelele. Alipoivuta, ikarudi bado inazunguka, na nyuma yake ukafuata uzi wa dhahabu, unapita ukutani, unajiviringisha, unang'aa, hauishi.

"Baba, unadarizi ukuta?" mkewe akauliza, machozi yakimtoka.

Spana akazima drili, akaweka jicho kwenye tundu. Giza tupu. Akaweka mdomo.

"Mama? Umeinuka?"

Akaweka sikio.

"Sijainuka," sauti ikajibu. "Nimerushwa. Tena nimeshakaa. Umetoboa mkoba wangu, mwanangu, ulikuwa umetundikwa hapa na uzi wangu ndani. Mkoba umecheza ukutani kama una mapepo."

"Nisamehe, mama."

"Utasamehewa saa sita. Sasa hivi ni saa sita kasoro kumi na mbili."

Akakata waya, akabana kichwa kipya, akausukuma kwenye tundu.

"Huyu anapekua nini mkobani mwangu?"

"Mvute, mama! Mtoe kwa juu, mshushe chini ya meza. Nyuma ya kompyuta kuna sehemu ya mraba, ina meno manane ya shaba."

"Mimi ninayo kumi na tisa. Endelea."

Miaka mitatu Spana hakuwahi kuzungumza na mama huyu bila kutazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Leo, tofali likiwa katikati, maneno yalimtoka kama maji.

"Sio hapo, mama, hapo ni pa spika!"

"Unanionaje wewe?"

"Nimesikia ulivyoguna!"

"Haya, huku?"

Kak. Taa ya kijani ikawaka kwenye kiboksi. Spana akafungua programu, ikafunguka. Mkewe akafungua ya kwake, ikaandika: leseni zote zinatumika.

"Inahesabu!" Spana akaruka. "Mama anayo moja, mimi moja, imehesabu!"

"Funga basi, nami nionje!" mkewe akasema.

"Mwache mume wako, nafunga mimi," ikasema sauti ya ukutani. "Haya, fungua."

Ikafunguka. Mama hakuwa amenyanyuka hata unyayo. Wakaendelea hivyo, huyu anafunga, yule anafungua, wanapigiana kelele ukutani kama watoto wenye bembea moja, mpaka saa sita ikapita na hakuna aliyeiona.

Gharama ni hizi. Waya mita kumi na nane, zikatumika tatu. Vichwa vya waya, vinne vibovu. Uzi wa dhahabu, roli moja. Asubuhi ya Ijumaa nzima, nembo iliyochorwa hakuna. Na mkoba mmoja mweusi, ambao waya umepita ndani yake, na mama amekataza usichomolewe. Vitu vyake sasa anabebea mfuko wa karatasi.