Gobore la Colby

Mwanangu Colby alipotoka jela, kabla hata hajakaa mezani, aliuliza kama ubao wake bado upo.

Ulikuwepo. Ni ubao wa mti wa mepo, nyuzi zake zina mawimbi tangu mwanzo hadi mwisho, aina ambayo unaweza kupasua magogo mwaka mzima usiione. Aliuchagua mwenyewe kule kiwanda cha mbao ninakofanya kazi, akiwa kijana, wiki chache kabla yeye na rafiki yake hawajavunja duka la dawa. Muda wote aliofungwa, ubao ulikaa juu ya boriti za gereji ukikauka.

"Haya, tunaanza lini?" akaniuliza.

"Mtaanza ukishakula," mama yake akasema. "Umekonda kama waya wa uzio. Kaa chini."

Shule niliiacha mapema, sina maneno mengi. Kutengeneza magobore ni kazi yangu ya Jumamosi, na sijawahi kuuza hata moja. Hapa kwetu, milima ya katikati ya jimbo la Pennsylvania, Krismasi ikipita unafunguliwa msimu wa kuwinda paa kwa gobore la kizamani, la kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu na kuwasha kwa jiwe. Watu hutoka baba na mtoto, na wengi hubeba silaha walizochonga wenyewe. Colby nilitoka naye kila mwaka tangu akiwa mdogo, akibeba gobore langu la zamani lililomzidi urefu. Nilitaka tutoke tena. Sikutaka kingine.

Bunduki za kawaida alishapigwa marufuku maisha yake yote. Hilo tulilijua. Kabla hajarudi nilizipakia zangu zote kwenye pikapu nikazipeleka kwa Virgil Hockenberry, jirani yangu na mwenzangu wa klabu ya magobore. Hata nikitaka kusafisha moja, nasafishia kwake. Lakini kuhusu gobore, Virgil alikuwa na uhakika.

"We Galen, gobore si bunduki mbele ya sheria," aliniambia. "Unaagiza kwa posta, linakuja mlangoni pamoja na soksi za mkeo. Kuna mtu aliyewahi kukuuliza jina?"

Hakuna. Nimeagiza mitutu na mitambo ya kufyatulia zaidi ya miaka ishirini, hakuna aliyewahi kuniuliza chochote. Klabuni kila mtu anasema hivyohivyo. Basi tukaanza.

Kuulaza mtutu kwenye ubao ni kazi ya kuudhi. Unaupaka mtutu masizi, unaubonyeza kwenye mfereji uliochongwa ubaoni, unautoa. Palipobaki weusi ndipo mbao inapogusa, unapakwangua kidogo kwa patasi. Unapaka tena, unabonyeza tena. Ukikwangua kwa pupa umeharibu, na ubao kama ule huupati tena. Colby wa zamani asingeweza. Huyu aliyerudi aliweza. Kila jioni alitoka kazini, kiwanda cha kuku, akinuka manyoya, akaoga, akaingia gereji, akainama pale mpaka mama yake alipopiga kelele chakula kinapoa. Masizi yalimjaa usoni.

"Mzee, sogeza tumbo, umeniziba taa," aliniambia.

"Tumbo hili ndilo lililokulisha."

"Naona lilijilisha lenyewe kwanza."

Rafiki zake wa zamani walipita mara mbili na gari lao bovu. Mara zote aliwajibu dirishani kwamba ana kazi, wakaondoka. Mke wangu Lorna alikuwa amesimama jikoni, akaniminya mkono mpaka ukauma.

Mwezi wa kumi na moja gobore lilikuwa limebaki kidogo sana. Mbao ilishapakwa mafuta, mawimbi yakatokea kama maji. Ubavuni mwa kitako Colby alichonga ua, si zuri sana, petali moja imelala. Lililobaki ni kutoboa tundu la moto. Ni tundu dogo ubavuni mwa mtutu, moto wa jiwe unapitia hapo kuifikia baruti. Mimi hulitoboa mwisho kabisa. Bila tundu hilo, ulichonacho ni ubao na bomba.

Ndipo Virgil akaja, kofia mkononi. Virgil havui kofia hata kanisani mpaka akumbushwe.

"Kuna jamaa amekamatwa ng'ambo ya mlima," akasema. "Alikuwa na gobore. Aliwahi kufungwa, kama Colby."

"Wewe si ulisema..."

"Najua nilichosema, Galen."

Nilienda kwa wakili mjini, mama mmoja anaitwa Fetterolf. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango wa ofisi, nikajua mambo si mazuri.

"Rafiki yako hajadanganya, ila amesoma nusu," akasema. "Sheria ya Marekani yote hailihesabu gobore kuwa bunduki. Sheria ya jimbo letu, kwa mtu aliyefungwa kwa kuvunja na kuiba, inalihesabu, kama linaweza kufyatua. Bwana nyama akimkuta nalo porini, mwanao anarudi ndani. Na safari hii si muda mfupi."

"Na kulitengeneza?"

"Mbao ni mbao. Bomba lisilotobolewa halifyatui, ila mimi hata hilo nisingeliacha karibu naye. Anaweza kuomba msamaha wa jimbo. Itachukua miaka, na wanaweza kukataa. Upinde anaruhusiwa."

Nilimwambia Colby jioni hiyohiyo gerejini. Sikuzunguka, maana sijui kuzunguka. Alikuwa anasugua kitako cha gobore kwa kitambaa, na aliendelea kusugua.

"Kwa hiyo hutatoboa."

"Sitatoboa. Tutaomba msamaha. Mwaka huu ubebe upinde, tutoke wote."

Akacheka, kicheko kibaya. "Nimechonga gobore mwaka mzima, halafu unanipa upinde? Nikae kwenye theluji na kamba, na wewe ubebe la kwako, watu wa klabu wapite waniangalie?"

"Na mimi nitabeba upinde."

"Hujawahi kushika upinde maishani mwako, mzee."

"Nitajifunza."

"Usinifanyie hivyo," akasema. "Usinionee huruma. Afadhali unitukane."

Siku hiyohiyo ilinipasa kuupeleka mtutu kwa Virgil. Wakili aliniambia. Lakini ningeung'oa vipi mbele yake? Niliogopa kwamba ubao ukibaki mtupu, yeye pia ataondoka. Nikauacha.

Siku ya kwanza ya msimu, asubuhi, nilikuwa nyuma ya nyumba napasua kuni. Colby alitoka gerejini amevaa koti la kuwindia, pembe ya baruti begani, gobore mkononi. Nilitazama ubavu wa mtutu. Tundu lilikuwepo. Alilitoboa vizuri, mahali pake kabisa.

"Mara moja tu, baba," akasema. Tangu arudi alikuwa akiniita mzee. "Siendi porini. Hapahapa shambani kwetu. Nilisikie mara moja, kisha ulipeleke kwa Virgil, ulizike, ufanye utakavyo."

"Nipe, Colby."

"Nani ataona? Milima yote leo inalia magobore. Nani atajua huu ni mlio wangu?"

Alikuwa sahihi. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilimtazama usoni nikajua hataishia mara moja. Mimi sikuishia mara moja. Hakuna mtu ninayemfahamu aliyeishia mara moja. Kesho angeniambia mpaka ukingo wa msitu, keshokutwa mpaka kijito, na mimi ningekubali kila mara kwa sababu nilitaka kuliko hata yeye alivyotaka.

"Nipe," nikasema tena, na akanipa. Nadhani alifikiri nataka kulikagua. Alilitoa kwa mikono miwili, anatabasamu kidogo, kama fundi anayemwonyesha fundi mwenzake.

Gobore huwa dhaifu shingoni, pale unapolishika kwa mkono, mbao imekuwa nyembamba na nyuzi zake zimekatizwa. Nilililaza juu ya gogo la kupasulia kuni nikapiga hapo kwa kisogo cha shoka. Lilivunjika kwa pigo moja. Kisha nikaupiga mtutu mpaka ukapinda.

Colby alikuja akaokota kitako, akapitisha kidole kwenye ua alilolichonga.

"Ungeniambia hapana," akasema. "Ningekuelewa."

"Nilikwambia hapana."

"Uliniambia upinde."

Lorna alikuwa ametoka, amesimama mlangoni bila viatu. "Galen, umefanya nini?" akauliza, ingawa alikuwa anaona. Colby alimpita akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na begi moja. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Mimi nilikuwa bado na shoka, sikujua niliweke wapi.

Gari lililomchukua lilikuwa lile bovu la rafiki zake.

Sasa yuko jimbo jingine, Ohio. Hajakamatwa, hilo najua, kwa sababu humpigia mama yake Jumapili tukishatoka kanisani. Fomu za msamaha nilimtumia kwa anwani ya duka analofanyia kazi. Hajasema kama alizipata.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa mezani simu ilipolia. Lorna alicheka kitu alichoambiwa, kisha akacheka tena. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Akaniangalia, akasema kwenye simu, "Baba yako yuko hapa." Akainyoosha simu kwangu juu ya sahani.

Niliishika. Nikasema, "Colby." Nilisikia redio ya gari, halafu nikasikia akivuta pumzi, kama mtu anayetaka kuanza. Kisha simu ikakatika.

"Anasemaje?" Lorna akauliza.

Nikamwambia mtandao mbaya. Akachukua simu, akaifuta kwa aproni ingawa haikuwa na uchafu, akaniongezea viazi.