Mstari wa Mwani

Mama yangu, Deolinda, hajui kufanya jambo nusunusu. Akifagia ua, hata ua wa jirani unaona aibu. Ndiyo maana asubuhi ile ufukweni hakutosheka na magunia matatu ya mwani kama watu wengine. Alikusanya wote, akapitisha reki mpaka mchanga ukabaki mtupu, na nusura atuponze.

Sisi tuliotoka visiwa vya Azori vya Ureno tukahamia huku Rhode Island, Marekani, hatununui mbolea. Dhoruba ya kwanza ya Oktoba ikishapita tunashuka pwani, tunabeba mwani uliotupwa na bahari, tunautandaza bustanini kabla ya theluji. Sukuma wiki za mama hufika kiunoni. Zamani alikwenda na baba. Sasa anakwenda nami, Zulmira, mpishi wa shule, mgongo mbovu lakini mdomo mzima.

Tulikuwa tunafunga gunia la mwisho aliposhuka Bwana Haverford, mgeni aliyenunua ile nyumba kubwa juu ya ufuko. Alishika simu.

"Nimeshaita polisi," akasema. "Mmeingia kwenye ardhi yangu."

"Tuko pwani, bwana."

"Nimenunua mpaka majini."

"Umenunua nyumba. Mwezi hukuununua, na ndio unaopandisha maji."

Mama akanivuta mkono. "Nyamaza, mwanangu. Mwenye nguvu mpishe. Tuumwage mwani twende zetu."

Nilijua kwa nini anaogopa. Mama ameishi hapa tangu usichana wake, lakini uraia hakuchukua; kila mwaka alisema mwakani. Ana kadi ya ukaazi tu. Habari za redioni zilikuwa zimemtia hofu kwamba kesi moja, hata ya gunia la mwani, ingemrudisha kisiwani ambako hana tena wa kumfungulia mlango. Isitoshe, utotoni kule kisiwani alimwona baba yake akifungwa kamba na askari kwa mzigo wa kuni alioutoa kwenye mlima wa bwanyenye. Tangu hapo, akiona sare, mama hutazama chini.

Polisi aliyekuja alikuwa Lachapelle. Huyo nilimpakulia makaroni tangu hajaota meno ya mbele.

"Habari za asubuhi, Bi Zulmira. Kuna nini tena?"

"Muulize mwenye bahari."

Lachapelle alisikiliza pande zote, akakuna kidevu. Sheria aliijua. Watu wana ruhusa ya kupita mpaka mstari wa mwani unaoachwa na maji yakijaa, na futi kumi zaidi kuelekea juu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Sasa mstari wenyewe uko wapi?"

Mstari ulikuwa ndani ya magunia ya mama.

"Basi imekwisha," Haverford akasema, na safari hii akatabasamu. "Hakuna mstari, hakuna haki. Mwandikie kesi."

Nilitaka kumrukia. Mama alikuwa tayari anafungua gunia kwa vidole vilivyokufa ganzi, ajaribu kuurudisha mwani mmojammoja, na sikuwahi kuona kitu cha kuuma roho kama kile.

"Acha, mama," Lachapelle akasema. "Maji yanapanda, na leo ni bamvua, yatajaa kuliko kawaida. Tungoje. Bahari ndiyo iliyouchora mstari, itauchora tena."

Tukangoja. Haverford alisimama na viatu vyake vya ndani, anatetemeka kwa baridi, hataki kwenda kuvaa koti asije akaibiwa ufuko. Mama, pamoja na hofu yake yote, alimmiminia supu kutoka kwenye chupa ya chai.

"Sinywi, asante."

"Kunywa wewe," nikamwambia. "Mama hajawahi kumwekea mtu sumu. Mimi ndiye ninayefikiria."

Akanywa. Akaomba tena, kwa sauti ndogo.

Maji yakaja. Yakapita alama za reki, yakapita mahali palipokuwa na magunia, ikabidi tuyavute juu mara mbili. Yaliporudi nyuma yaliacha utepe mweusi wa mwani, umbali mzuri juu ya pale mama alipokuwa akifanya kazi. Lachapelle hata hakuhitaji kupima zile futi kumi.

"Mama hakuwahi kutoka pwani," akamwambia Haverford. "Tena hata mwani wenyewe umetajwa kwenye katiba ya jimbo, kwenye haki za watu." Akatoa simu, akasoma: watu wataendelea kufurahia haki zao za ufukweni, kuvua samaki kutoka nchi kavu, kukusanya mwani, kuingia baharini kuogelea, kupita kando ya maji.

Mimi si mtu wa kuishukuru serikali. Siku ile niliishukuru. Watu wakubwa walikaa mezani, wenye suti zao, wakamkumbuka mwanamke mwenye reki.

Haverford alirudisha kikombe, akapanda ngazi zake. Nikaanza kubeba magunia upesi, tuondoke na ushindi wetu. Lakini mama hakusogea.

"Bwana afisa," akasema, "haki hizo ni za raia. Mimi si raia. Nina kadi tu."

Nilitamani kumziba mdomo. Mtu ameshaokoka, anarudi mwenyewe motoni! Lachapelle akaitazama tena simu, akaisogeza karibu na macho.

"Hapa hapakuandikwa raia, mama. Pameandikwa watu."

Mama aliinua uso. Akamtazama askari machoni, yeye ambaye maisha yake yote aliwatazama viatu.

"Soma tena," akamwamuru.

Lachapelle akavua kofia, akasoma tena.