Mama na Mlango wa Friji

Mimi ni msoma mita. Kazi yangu ni kuzunguka nyumba za watu nikiangalia umeme waliokula, kwa hiyo nawajua wote: anayechemsha birika zima kwa kikombe kimoja cha chai, anayepiga pasi shati moja kila asubuhi, anayelala huku chaja nne zimening'inia ukutani hazichaji kitu. Nikiwaeleza wananiona mchoyo. Waniite watakavyo. Kwangu maji ya birika yanapimwa kwa kikombe. Nguo za wiki nzima zinapigwa pasi Jumapili, nzito kwanza, na zile nyepesi mwisho kabisa, pasi ikiwa imeshazimwa lakini bado ina moto wake. Maharage yanalowekwa tangu jana yake. Mume wangu, fundi viatu na mtu wa utani, huwaonya wageni wasikae karibu na ukuta, wasije wakachomolewa na wao.

Ubahili huu sikuuokota barabarani, nimeurithi kwa mama. Tulipokuwa wadogo alikuwa na friji la mtumba, jeupe, refu kunizidi, na sheria moja tu: mlango usiguswe. "Umeme unatoka," alisema, na aliyejaribu kufungua alipata kofi la mkono. Friji hilo liko hai mpaka leo. Mama alipohamia kwangu alikuja na mfuko mmoja wa nguo, na friji juu ya mkokoteni. Likawekwa jikoni, likaanza kunguruma.

Mwezi uliofuata uniti za umeme zikapanda. Fikiria aibu yangu, msoma mita mzima. Nikamwambia mama kwamba friji limezeeka, linakula umeme, nitanunua dogo jipya, na Jumamosi mchana atakuja mnunuzi wa vyombo chakavu kulichukua. Mama hakubisha. Alisema tu, "Haya mwanangu, nyumba ni yako," akaingia chumbani, na chakula cha jioni hakukigusa. Iliniuma, ila mimi nikishika jambo sibanduki.

"Mke wangu," mume wangu akaniambia, "watu baki unawapimia kwanza ndipo unawasema. Mama umemsema bila kupima."

Nilinuna, lakini alikuwa amesema kweli. Jumatano nikachomoa kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa friji, nikakaa mbele ya mita na saa mkononi, nikihesabu kitaa chekundu cha mita kinavyowaka na kuzima; kilikwenda polepole, dalili kwamba umeme unaoliwa ni mdogo. Kisha nikabana kipande cha karatasi kwenye mlango wa friji na kukivuta, maana karatasi ikichomoka kirahisi ujue mpira umechoka na baridi inavuja. Karatasi iligoma kutoka. Nikachungulia nyuma, hata vumbi hakuna. Friji halikuwa na kosa lolote.

Basi kosa lilikuwa la watu. Nikabandika karatasi nyingine juu ya mlango, nikafunga na kalamu kwa uzi: kila atakayefungua apige mstari chini ya jina lake. Ijumaa jioni nikahesabu mistari ya siku hiyo. Mume wangu minne. Mimi mitano. Watoto wangu wawili, saba kwa pamoja. Mama, ambaye hajawahi kudanganya hata kwa kalamu, thelathini na mmoja.

Jumamosi asubuhi nikamkuta jikoni. Mlango uko wazi, yeye amesimama mbele yake, mikono nyuma, hachukui chochote.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Mara thelathini na moja kwa siku, mama. Na ni wewe uliyetupiga makofi kwa ajili ya mlango huuhuu. Si ulisema umeme unatoka?"

Mama akacheka kidogo. "Umeme niliusema tu. Ndani mlikuwa na nyama ya majirani, walikuwa wananilipa niwahifadhie. Na maziwa ya mwenye duka, na barafu zangu za kuuza. Chetu kilikuwa ile chupa ya maji. Mngefungua mngeviona, mngeniomba. Ningewajibu nini, mwanangu?"

Akawa anatazama tena ndani, bila haraka, rafu moja baada ya nyingine.

"Sasa nikifungua naona mayai yenu," akasema. "Naona maziwa ya wajukuu wangu, nyama yetu wenyewe. Nafunga, naenda kukaa. Halafu moyo unanituma nije nione tena."

Nililia, na sioni haya kulisema. Miaka yote hiyo nilikuwa nahubiri kwenye nyumba za watu habari ya umeme, na mama yangu umeme haukuwa umemshughulisha hata siku moja. Nikasimama kando yake. Tukaangalia pamoja mpaka friji likaanza kunguruma kwa nguvu.

Saa nane mchana mnunuzi akapiga hodi, na mkokoteni wake nje.

"Dada, nimefuata lile friji bovu."

"Si bovu," nikamwambia, "na haliuzwi tena. Samahani kwa usumbufu."

Jamaa akanitazama kama mtu aliyepotezewa siku. "Sasa si ulinipigia mwenyewe, dada? Ulisema linakula umeme."

"Linakula," nikasema. "Nitalipa."